Mdogo wangu anasema mama yetu alikufa akiwa si Myahudi

Admin, naomba unifichie jina, Ifakara kwetu watu wanajuana. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na moja, naishi Kibaoni na binti yangu wa miaka kumi na tisa, nalima mpunga Namawala. Sisi ni Wayahudi. Najua wengi mtashangaa. Hata mtaani wanatuita Wasabato, na nimechoka kuwaelewesha.

Aliyetuingiza ni mama, Mpogoro aliyelelewa Mkatoliki. Alianza kusoma Torati na familia chache za jirani, wakafundishwa kwa simu na walimu wa Kiyahudi miaka mingi. Tuliacha hata kambale kwa kuwa hana magamba, watu wa Kilombero sisi! Mwishowe wakaja marabi watatu wa upande wa Mageuzi, Wayahudi waliolegeza baadhi ya sheria za zamani, mmoja wao mwanamke. Wakatuhoji, wakatuzamisha mtoni, ndivyo mtu anavyopokelewa kuwa Myahudi. Mama alitoka majini analia kwa furaha.

Mdogo wangu wa kiume alizamishwa siku ile ile. Baadaye akaenda Nairobi kusoma kwa Waorthodoksi, wale wanaoshika sheria kama ilivyo tangu zamani. Huko wakamzamisha upya, wakamwambia mara ya kwanza haikuwa kitu, kwa kuwa waliotupokea hawashiki sheria yote na kati yao alikuwamo mwanamke. Siku hizi akija kwangu ananipa shikamoo vizuri, anakaa nje na chupa yake ya maji. Nikimkaribisha wali na perege anasema, "Dada, usinielewe vibaya, sufuria zako hazijafuata sheria yetu ya chakula, zinanishinda." Mama alimuuliza mara moja tu, "Mimi niliyekufundisha sala ya Shema ukiwa hujui hata kufunga viatu, leo si Myahudi?" Akainama, akaokota chupa yake ya maji.

Mama alifariki msimu wa mvua uliopita. Kwetu sala ya wafiwa inataka watu kumi. Wanaume walikuwa saba, na kwa upande wetu wanawake tunahesabika, kwa hiyo tulitosha na kuzidi. Mdogo wangu akasema, "Wanawake hawahesabiwi. Na hawa wanaume wenyewe bado si Wayahudi." Yaani pale uani kwa mama, Myahudi alikuwa yeye peke yake. Akaenda kusimama nje ya uzio akasoma Zaburi zake, sisi tukaomba ndani. Mama mdogo, Mkatoliki, aliyekuja kutoka Mahenge, alituangalia akasema, "Watoto nyie, hata kumwombea mama yenu mmeshindwa kukaa pamoja?" Nilikosa pa kuficha uso.

Sasa mdogo wangu anataka mimi na binti yangu twende Nairobi kuanza upya. Anasema ananipenda, ndiyo maana anahangaika. Namwamini. Nikamuuliza, "Nikikubali, mama alikuwa nani?" Akasema, "Alikuwa mtu mwema, dada." Mtu mwema! Mama aliyeacha kanisa lake, ndugu zake wakamsusa, akafunga kila Yom Kippur, siku yetu ya toba, hadi akiwa na malaria.

Nilidhani wenzangu tunaosali nao watanifariji. Mzee anayetuongoza akaniambia, "Ukienda huko umetutukana wote. Usirudi hapa." Na upande wetu ndio unaofundisha kwamba kila Myahudi aheshimiwe kwa njia yake. Na binti yangu amenijia jikoni akasema, "Mama, mimi nakwenda kwa mjomba. Nimechoka kila mtu kuniuliza kama ni Myahudi kweli." Sikumkasirikia. Hata mimi nimechoka.

Nikienda, nakuwa nimekubali kwa mdomo wangu kwamba mama alijidanganya. Nikibaki, mwanangu na mdogo wangu watakula meza moja, na mimi nitakuwa mtu wa kusalimiwa nje. Tafadhali, wale wa kuniambia nirudi kanisani, naomba leo mnyamaze. Nyie wenye ndugu waliogawanyika kwa dini, nisaidieni mawazo. Mdogo wangu anakuja Jumapili kuchukua jibu. Nimwambie nini?