Mtamba wa Mama

Harufu ya sabuni ya mche iliyolowa maji ya vuguvugu siipendi mpaka leo. Nikiisikia tu, narudi bandani kwetu Pangani, Kibaha, namwona Tausi kalala.

Tausi alikuwa ng'ombe wa mama, mtamba ambaye hajazaa bado, kapewa na babu kutoka Vihingo, kule Kisarawe. Mwili mdogo, macho ya kudeka. Mama alimtunza kwa ajili ya maziwa. Baba naye, jamani! Alirudi kutoka semina ya wafugaji akiimba ng'ombe wa maziwa na nyama kwa pamoja, kutwa anampima Tausi kifua kwa kamba kama fundi cherehani. Tulimcheka sana.

Bwana mifugo alikuja na mtungi wa mbegu za kumpandishia Tausi, ule ukifunguliwa unafuka moshi. Akatuambia dume la mbegu ile lina umbo kubwa, linafaa zaidi ng'ombe aliyekwisha kuzaa.

"Baba Zaina, huyu ni uzao wake wa kwanza," mama akasema. "Tumtafutie ya dume dogo."

"Mama Zaina, maziwa humo, nyama humo. Wewe tulia."

Mama akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Siku ya kuzaa, ndama alikwama. Bwana mifugo alijipaka sabuni mpaka begani, wanaume wakavuta kamba, na Tausi akalia kilio ambacho sijui hata nikielezeje. Ndama akatoka, jike, kifua kipana. Majirani wakashangilia: "Hongera! Huyu ndama au fahali?" Baba alicheka mpaka machozi. Mama alikuwa kapiga magoti upande wa pili, anamsukuma Tausi mgongoni.

"Simama, mwanangu. Simama basi."

Hakusimama. Siku chache baadaye alichinjwa, na baba aliyeitaka nyama hakuigusa.

Mama alimlea yule ndama kwa chupa, kwa maziwa ya kuomba kwa jirani, ila hakumpa jina kabisa. Miaka yote nikadhani hakumpenda. Iliniuma, maana mimi nilimpenda mno.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, kwa tabu kubwa. Muuguzi akamtoa mtoto mlangoni, akamwambia mama: "Bibi, hongera! Dume, tena kubwa!" Wakwe zangu wakapiga vigelegele. Katikati ya kelele zile nikaisikia sauti ya mama, imekauka.

"Na mwanangu je, amesimama?"

Hapo nikaelewa. Nikashika ukingo wa kitanda, nikasimama ili anione.