Maziwa ya papai yaliyokula mguu wa Manassé

BENI, 2002. Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado halijapata nguvu, Katungu anachanja papai bichi kwa wembe aliouchomeka kwenye kijiti. Maziwa, yaani utomvu mweupe wa tunda, yanachuruzika hadi kwenye kitambaa kilichotandazwa kuzunguka shina. Jua likikaza yatagoma kutoka, kwa hiyo hapotezi muda.

Ukimshika mkono unashtuka. Ncha za vidole vyake ni laini, hazina hata mstari mmoja.

“Maziwa inakula ngozi,” anasema. “Siye bote benye kukamua tuko hivi.”

Sasa fikiria: mwanamke mwenye vidole hivyo aliyamimina maziwa hayohayo kwenye kidonda cha mumewe.

Katungu, mama wa watoto wanne, amekamua mapapai tangu alipoolewa huko upande wa Oicha. Maziwa hukaushwa yakawa unga, na wafanyabiashara huuvusha mpaka wa Kasindi kwenda viwanda vya nje. Vita vilipofika kijijini, familia ilikimbilia hapa Beni, na njiani kipande cha bomu kikampasua mumewe, Manassé, kwenye muundi. Siku hizi wanunuzi huonekana kwa nadra, na unga wa wiki nzima haumpatii hata sabuni na chumvi ya kutosha.

Zahanati ya kanisa iliyowapokea haikuwa na penisilini. Muuguzi wake, Aurélie, aliyeletwa na serikali kutoka Kasai kabla ya vita, akageukia kilichokuwapo: papai bichi lililopondwa pamoja na mbegu chache, linabandikwa kidondani na kubadilishwa kila siku. Usaha ukapungua, harufu ikaisha.

Hapo ndipo akili ya mkamuaji ilipomponza Katungu. Kwake yeye, tunda ni chombo tu. Mali ni maziwa.

“Niliwaza hivi: kama nyama ya papai inaponesha polepole, maziwa yenyewe itaponesha mbio. Donc nikamwanga kikombe muzima, nikafunga. Infirmière, muuguzi wetu, hakukuwa.”

Asubuhi alifungua kitambaa.

“Nikaona mufupa,” anasema. “Nikaikala chini.”

Linaloumiza zaidi ni maneno ya Manassé mwenyewe. “Nilisikia moto usiku muzima. Nikanyamaza. Nikajua ni dawa inatumika kazi.”

Aurélie hajatulia hadi leo. “Ndani ya ile maziwa kuko papaïne,” anaeleza. “Iko kama makasi. Kidogo, inakata nyama ya kuoza. Mais ukiimwanga nyingi vile, inakata hata nyama ya muzima. Na kuua microbe, bile bidudu ya kidonda, hapana kazi yake kubwa.”

Anasema kazi hiyo ni ya mbegu. Ikipondwa, vitu viwili vilivyotengwa ndani yake hukutana na kuzaa kemikali kali, yenye harufu ya haradali. Anachutama na kuichora udongoni kwa kijiti: pete ya kaboni sita, shingo fupi ya kaboni moja, kisha mkia wa naitrojeni, kaboni na salfa. Mkia huo ndio unaong'ang'ania protini za bakteria na kuzivuruga.

Katungu anautazama mchoro. “Miaka yote mbegu tulikuwa natupia nguruwe,” anasema.

Jana daktari wa upasuaji alifika kutoka Butembo kuamua kama mguu ukatwe. Alikuja na msumeno. Aliminya kingo za kidonda, akaona nyama mpya, nyekundu, imeanza kuufunika mfupa. Msumeno akaurudisha mkobani, na Katungu akalia mbele ya watu wote.

Tumaini lake sasa ni kurudi Oicha. Anataka kuacha mapapai kadhaa bila kuchanja, yawe ya zahanati. “Ya vidonda vya batu,” anasema. “Mais muguu ya bwana yangu, hapana. Siwezi tena kuigusa.”

Hata Manassé hajataka auguse. Tangu asubuhi ile, wiki kadhaa sasa, anayemfunga ni Aurélie peke yake, kwa papai lilelile la kupondwa.

Leo Aurélie ana foleni ya majeruhi uani. Bakuli la papai lililopondwa liko kando ya kitanda. Manassé analisukuma taratibu kuelekea kwa mkewe.

“Mama Bénite,” anamwita kwa jina la binti yao wa kwanza, “infirmière iko na batu mingi. Funga weye.”

Katungu ananawa mikono mara mbili, kisha anapiga magoti.