Kikapu Nilichomletea Mama Kutoka Hanoi

Mama aliniagiza kitu kimoja tu. "Niletee kikapu chao," alisema. "Nataka kuona mikono yao."

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa karani wa shirika moja la misaada kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, bahati ikaniangukia: majuma mawili ya mafunzo Hanoi, Vietnam. Mama aliishi Lodwar, akisuka vikapu vya majani ya mkoma. Kwa vikapu hivyo alitusomesha sisi sote. Wageni wa kwenda Lokichoggio wakisimama mjini walimwulizia yeye, na madereva waliwaonyesha nyumba. Hakuwa na mbuzi, hakuwa na duka. Alikuwa na mikono na jina lake, basi.

Hanoi nilichanganyikiwa, jamani. Mtaa mzima wa mikeka, mtaa mzima wa hariri, mwingine wa visanduku vyeusi vinavyong'aa hadi unajiona uso. Ofisini kila mtu alikuwa amenituma, maana kwetu hakuna haya, ukisafiri unaulizwa peupe, "Na mimi utaniletea nini?" Nikanunua kofia za majani zenye ncha na pepeo za karatasi. Lugha sikuwa nayo, kwa hiyo tulipatana bei kwa vidole. Nikifyonya na kuondoka, wale kina mama wauzaji wananishika mkono wakicheka na kunirudisha. Nilijiona mjanja kweli.

Kikapu nilikitafuta siku tatu. Mwishowe bibi mmoja akanitolea cha mianzi chenye kifuniko, kimesukwa kwa vipande vyembamba kama uzi wa kushonea, huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Kwenye ndege nilikipakata njia nzima.

"Ejok, Mama!" nilimsalimu. Nilimkuta kivulini mlangoni, nikamwekea kikapu mapajani. Alikigeuza, akakigeuza tena. Nami na mdomo wangu huu nikasema, "Mama, huko watu wanasuka kweli kweli!"

Laiti ningeuuma ulimi. Nilitaka afurahi, mjinga mimi. Aliniangalia kidogo, akarudisha macho kwenye kikapu.

Tangu zamani Mama na wasusi wenzake hawakuwa wakitazama kikapu cha mgeni kwa macho tu. Walikuwa wakikifumua kuanzia ukingoni, wakifuata mkono wa mwenzao ulipopita, halafu wakikirudishia kama kilivyokuwa, siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Mama aliwahi kufumua vikapu vya Wasudani wa kambini akavirudishia, na wenyewe wasijue.

Basi akakiloweka cha Hanoi, akakifumua. Lakini joto la Lodwar lilikuwa limeshaikausha ile mianzi. Kila kipande alichojaribu kukirudishia kilikatika. Kufika jioni alikuwa amebaki na rundo la vijiti.

"Ni joto, Mama," nilisema. "Mianzi imekauka. Hata aliyekisuka asingeweza."

"Usinidanganye. Ni mikono."

"Ni joto, haki ya Mungu!"

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nafunga kuni, nikidhani ninasuka."

Kesho yake hakusuka. Mwisho wa mwezi niliposhuka kutoka Kakuma, majani ya mkoma yalikuwa pale pale mlangoni, yamekakamaa. Nikamletea mabichi. Akashukuru, akayaweka juu ya yale makavu. Wageni walipokuja kuulizia vikapu, aliwajibu kwa upole kwamba hapa hakuna msusi. Nilipandwa na hasira, Mungu anisamehe, nikamfokea mama yangu mzazi: kweli uache kazi ya maisha yako kwa sababu ya kitu nilichookota sokoni? Aliniandalia chai. Niliinywa nikilia, naye alikaa akitazama barabara, ameikunja mikono kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mwaka uliofuata ofisi ilimtuma mwenzangu kulekule Hanoi. Nilimsimulia Mama hivi hivi tu, kupiga soga. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na sindano yake ya kusukia: msumari aliounoa kwa jiwe kabla sijazaliwa, mpini wake wa mti umekuwa mweusi kwa jasho la kiganja. Akaniwekea mkononi, akanikunja vidole juu yake.

"Mpe mwenzako awapelekee," alisema. "Wale wanaosuka kweli kweli."