Feni ya Saa Saba

Baba yangu alikuwa mbishi, na ubishi wake wa mwisho aliufanyia gari. Aliondoa feni iliyozungushwa na injini, akafunga ya umeme. Kisha akakata dumu la mafuta ya kula, akaziba nalo matundu yote ya mbele, isipokuwa mwanya wa upana wa kiganja. Alisema upepo ukijaa kwenye rejeta unalivuta gari nyuma, mafuta yanateketea bure. Mafundi wa Bukoba walimcheka. Nami nilimcheka, tena mbele yake.

Kila siku saa saba mchana gari lilikuwa likifika kwetu Muleba kutoka Bukoba bila kuchemsha. Mteremko wa mwisho alizima injini, likashuka lenyewe hadi kibanjani, shambani kwetu, nasi ndani hatusikii kitu. Baada ya dakika mbili joto lililobaki liliamsha feni, ikavuma peke yake kwenye migomba. Mama akiisikia tu, anaepua ebitoke, ndizi za chakula cha mchana.

"Baba yenu amefika."

Alifariki ghafla, kitandani. Tulimzika kibanjani, hatua chache kutoka gari lilipokaa.

Siku ya tatu, saa saba mchana, feni ikavuma. Gari halikuwa limewashwa tangu kabla ya msiba. Waliokaa kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni waligeukia mlangoni. Nikasema ni jua limechoma boneti.  Mama alipakua sahani ya baba, akaiweka mahali pake.

Ikawa hivyo kila siku. Wageni waliondoka, nikabaki namwangalia mama akingoja mbele ya kiti kitupu hadi chakula kipoe, kisha anakirudisha jikoni huku akitabasamu. Kifo hakukitaja tena. Niliogopa kwamba naye ananiponyoka. Jioni moja nilichomoa fyuzi ya ile feni, nikaitia mfukoni.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa saba nyumba ilikuwa kimya. Mama akainua kichwa.

"Baba yenu amefika."

"Mama, hakuna kitu kinacholia."

"Nenda ukamsaidie mizigo, mwanangu."

Nilitoka kwa hasira, nikafungua boneti ili aje ajionee mwenyewe. Feni ilikuwa imetulia. Dumu lilikuwa limelowa, matone yanadondoka kwenye matope. Nikaweka kiganja juu ya rejeta, nikakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto, kama gari limetoka Bukoba sasa hivi.

Nilisimama mvuani. Mama alikuwa mlangoni ameshika sahani, ananitazama bila haraka.

Nikaitoa fyuzi mfukoni, nikairudisha mahali pake. Feni ikaanza kuvuma. Nikafunga boneti, nikaingia ndani, nikamvutia baba kiti.