Ukurasa Wenye Daraja

Siku ile nilikuwa jikoni napika vileja, vibiskuti vya unga wa mchele, mama amekaa mkekani ananikosoa. Tulikuwa wageni bado Maskati, tumetoka Unguja baada ya mapinduzi, na barua ya kaka yangu Said nilikuwa nimeshaisoma mara tatu.

Said akisomea ujenzi Wroclaw, mji wa Poland uliogawanywa na mto Odra. Barua zake zilipitia kwa ami yetu, ndugu wa baba, aliyekuwa Kuwait, naye akizificha ndani ya mizigo. Poland ilikuwa nchi ya wakomunisti, na huku kwetu, upande wa kusini, serikali ilikuwa ikipigana na waasi waliosaidiwa na wakomunisti. Majeruhi tukiwaona wakiteremshwa bandarini. Mwalimu wa chuo cha Kurani mtaani kwetu alipelekwa kufungwa ngomeni kwa kusikiliza redio ya nje tu, hakurudi.

"Huku madaraja hayahesabiki," aliandika Said. "Vita viliubomoa mji, sasa wanaujenga tofali kwa tofali. Na karibu wote ni wageni. Wajerumani walifukuzwa, wakaletwa Wapoland waliofukuzwa kwao mashariki. Mama mwenye nyumba anakula kwa sahani walizoziacha watu asiowajua. Nikimtazama naikumbuka nyumba yetu ya Unguja na waliomo sasa."

Chini alichora daraja lenye minara miwili ya mawe.

Jirani yetu Bi Thuweiba, mke wa askari wa lango la mji, alikuwa ametuletea sahani ya harisi, ngano iliyopondwa na nyama. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mama alisoma Kiarabu tu, herufi za kizungu kwake zilikuwa michirizi. Alitandika sahanini karatasi aliyoiona karibu, akapanga vileja, akapeleka mwenyewe.

Nikautafuta ukurasa wenye daraja.

"Mama, ile karatasi i wapi?"

"Nimetandikia vileja."

Baba alisimama, akakaa tena. "Mumewe ataiona," alisema. "Mchoro wa daraja, na vita hivi! Watasema tunawapelelezea waasi."

Alizichoma barua zote. Akampelekea ami maneno kwa mdomo wa msafiri: mwambie Said asituandikie tena, hatumjui.

Mlango ukigongwa, baba alitangulia kuchungulia dirishani.

Bi Thuweiba hakuonekana siku tatu. Nikaamini ametuchongea. Nilimchukia, wallahi, nikamuombea mabaya kwenye sala.

Siku ya nne alikuja na sahani ya tende. Akatoa karatasi chini ya leso yake.

"Nlikuwa na homa, mwanangu. Hii ni barua ya mtu, si ya kutandikia. Mume wangu hajaiona."

Mama alilia. Baba alingoja jirani aondoke, kisha akasema huo ni mtego, wanataka tuandike tena ili watushike. Miye nilikubali. Neno letu kwa Said hatukulitengua.

Mama alikufa akimtaja, na baba akamfuata. Miaka mingi baadaye, utawala wa wakomunisti ulipoanguka Poland na njia kufunguka, nilichukua anwani kwa ami, nikamwandikia Said kurasa sita. Jibu lilitoka kwa mkewe, Mpoland, kwa Kiingereza cha kubahatisha. Said alikwisha kufa kwa ugonjwa wa mapafu. Kila Idi alikuwa akituandikia barua, akaiweka kabatini. Ameacha binti mmoja.

"Aliniambia baba yake ni mtu wa haki," aliandika. "Basi niambie, Said aliwakosea nini?"

Sasa nnakaa Azaiba, mtaa wa Maskati, wajukuu wamenizunguka. Jibu lake nimelianza mara nyingi, nikalichana. Vipi nitamwambia mjane wa watu kwamba kaka yangu hakukosa kitu, tulimuogopa jirani aliyekuwa na homa?