Kidoli Changu cha Kijapani na Mvua ya Masele

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi mgeni wangu alikuja, na nusura mwenyeji nichomwe moto nikiwa hai.

Mgeni mwenyewe alikuwa kidoli cheupe, urefu wa kiganja, nilichokifuma kwa mikono yangu hii.

Niite Justa. Nilimaliza diploma yangu, ajira hakuna, nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Paskazia, kule Mwanza. Ukishapita Kiseke, lami ikakwisha, unateremka kuelekea ziwani kwenye majaruba ya mpunga. Mtaa siutaji. Shangazi bado anaishi pale.

Kukaa bure kunachosha. Nikanunua uzi Mabatini na kroshia, ile sindano moja yenye kulabu kichwani, nikaanza kujifunza kufuma kwa kutazama video kwenye simu.

Aisee, nilikuwa hovyo. Kitambaa changu cha kwanza cha kochi kilianza kama mraba, kikaishia kama muhogo.

Shangazi alikigeuza huku na huku. "Hiki tumfunike nani, Justa? Mbuzi?"

Ndipo nikakutana na mikono ya mama mmoja wa Japani. Sura haonyeshi, ni mikono tu. Anafuma vidoli vidogo, kwao wanaviita amigurumi. Anaanza na kitanzi kimoja, anazunguka, anazunguka, mpaka kichwa kinatokea.

Lugha yake sikuelewa hata neno. Mikono niliielewa.

Kilichoniteka ni hiki: akikosea hafichi. Anauvuta uzi, kazi yote inafumuka, anaanza upya bila kununa. Nikasema huyu ndiye mwalimu wangu.

Kidoli chake rahisi kuliko vyote kilikuwa kichwa na gauni tu, bila mikono wala miguu. Kinaitwa teru teru bozu. Watoto wa Japani hukitundika dirishani wakiomba kesho jua liwake.

Nikafuma cha kwangu. Pamba ya kujaza kichwani nilipewa na Rebeka, mke wa jirani yetu Masele. Kichwa kilikaa upande, lakini kilikuwa kichwa. Nikakitundika dirishani kwa uzi wa shingoni, nikakipiga picha, nikaiweka WhatsApp na maneno haya: "Huyu ndiye mlinzi wa jua. Mvua kaa mbali, nina nguo kambani!"

Utani.

Basi mvua ikakaa mbali.

Watu walikuwa wameshapandikiza mpunga. Wingu linatoka ziwani, linatutazama, linapita. Majaruba yakakauka, yakapasuka kama visigino vya mtu asiyepaka mafuta. Mimi niko ndani nafuma kidoli kingine, sina habari.

Asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo nikamsikia Masele dirishani.

"Hiki ni nini?"

Kabla sijajibu, akapiga mwano.

Kama hujakaa Usukumani, huujui mwano. Ni yowe moja refu la hatari. Anayelisikia lazima aje, na anakuja na alichokishika. Asubuhi ya shamba, watu wameshika panga na majembe.

Uwanja ukajaa. Watu niliowaamkia jana yake walikuwa wananitazama kama nyoka aliyekutwa jikoni.

"Kafunga mvua!"

"Ameinyonga dirishani, ona shingo ile!"

"Na kaandika mwenyewe kwenye simu! Mvua kaa mbali! Binti yangu kanisomea!"

Huku kwetu mwizi anaweza kupata mtu wa kumwombea. Aliyefunga mvua, hana.

Nikaona mtu anapita katikati ya watu na dumu. Harufu ya petroli ilinifikia kabla yake.

Niliusikia mkojo ukishuka mguuni. Nasema wazi, maana wanaosema hawakuogopa siku kama ile ni waongo.

Akafika mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mihayo. Watu wakampisha.

"Shikamoo mzee," nikasema. Sauti ilitoka nusu.

"Marahaba. Binti, sikiliza. Piga magoti, omba radhi, yaishe."

Shangazi alinishika mkono. Alikuwa analia. "Sema, Justa. Neno moja tu, mwanangu. Neno haliui."

Nikamtazama usoni. Ni yeye mwenyewe aliyenisimulia habari za Bibi Selina.

Bibi Selina alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Ndama wa watu alikufa, akaambiwa omba radhi, yaishe. Akaomba, ili apate amani. Hakuwa amefanya lolote. Lakini walioisikia radhi ile walisikia ungamo. Kabla wiki haijaisha, nyumba yake iliwaka naye akiwa ndani. Leo pale kuna matofali meusi na mbigili.

Neno linaua, shangazi. Ulinifundisha wewe.

"Siombi," nikasema.

"Unasemaje?" Mzee Mihayo aliuliza taratibu.

"Siombi radhi. Ila nitawaonyesha."

Nikakitungua kidoli. Nikatafuta ncha ya uzi pale nilipofungia fundo. Fundo la mwanafunzi: baya, kubwa, gumu. Vidole vikashindwa. Nikalitia meno.

"Anakila!" mtu akapiga kelele, umati ukarudi nyuma hatua.

Fundo likaachia. Nikauvuta uzi.

Gauni likaanza kuondoka, mzunguko kwa mzunguko, uzi ukilundikana miguuni pangu. Kisha shingo. Kisha kichwa kikafunguka, pamba ikatoka nje.

"Huyu ndiye mchawi wenu! Uzi na pamba! Rebeka, hii pamba nilipewa na nani?"

Rebeka alikuwa amejificha nyuma ya mumewe. Akatazama chini. Akamtazama Masele. Nilihesabu maisha yangu kwenye midomo yake.

"Mimi," alisema hatimaye. "Nilimpa mimi. Ni ya mto wetu."

"Mto wetu?" Masele aligeuka. "Ndiyo maana shingo inaniuma!"

Mama mmoja akacheka bila kutaka. Mwingine akadakia. Aliyeshika dumu akaliweka chini. Nikavuta pumzi, ya kwanza tangu ule mwano. Nikavuta na kitanzi cha mwisho.

Tone likaanguka juu ya pamba.

Nikadhani ni chozi langu. Likaanguka lingine. Kisha mbingu ikafunguka yote.

Watu walipiga vigelegele. Masele alipiga magoti kwenye tope. "Kaifungua! Kafumua uzi, kaifungua!"

Mungu wangu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Binadamu utabishana naye. Mbingu ikikutolea ushahidi wa uongo, utakata rufaa wapi?

Toka siku ile wanawake wakawa wananipisha njiani. Nikifika kisimani, wa mbele yangu anaondoa ndoo yake. Na mvua ile iliyoletwa na mimi, kwa maneno yao, haikukoma. Majaruba yakafurika, ziwa likapanda hadi kwenye mihogo.

Mchana mmoja Masele akaja. Ni mtu wa umri wa baba yangu. Akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, mama."

Mwili ulinisisimka kuliko siku ya petroli. Mzee wa mtaa ananiamkia mimi! Ile haikuwa heshima. Anayekuogopa hivyo leo, kesho atakuchoma.

Mkononi alishika uzi mweupe. "Mvua imezidi. Tufumie kingine. Kama hutaki, basi njoo mkutanoni uombe radhi, itulie."

Nikaimeza ile marahaba aliyoitaka.

"Shikamoo mzee Masele. Shikamoo ni yangu kukupa."

Akaitikia. "Marahaba."

"Huo uzi mpe Rebeka, aje nimfundishe. Akishajua kufuma kama mimi, utamwogopa na yeye? Utamchoma?"

Aliondoka na uzi wake, maji yakimtiririka kwenye masikio.

Rebeka alikuja kesho yake na uzi ule ule. Kidoli chake cha kwanza kilitoka kama muhogo. Jua halikuwaka kwa ajili yake, mvua haikuzidi. Juzi amekuja na wenzake wawili. Kila mmoja namfundisha kwanza kufumua, kufuma baadaye.

Bado naogopa. Kila nikifungua dirisha nayaona matofali ya Bibi Selina.

Somo langu kwako msomaji: kitu usichokijua, ulizia kabla hujapiga yowe. Na wewe dada unayeambiwa "omba radhi tu yaishe" kwa kosa usilolifanya, tazama kwanza ni nani mwenye dumu.

Mzee Mihayo bado ananitumia salamu kwamba mtaa unaisubiri radhi yangu.

Mtasubiri sana. Sikufunga mvua, sikuifungua. Nilifuma.

Siombi radhi.