Kiti cha Ng'ambo ya Mpaka

Yule tarishi wa baraza la wilaya hakuwahi kuingia jikoni kwa Bibie Tapscott bila kupangusa viatu mara mbili. Kila mwaka aliwaongoza madiwani kuuzunguka mpaka wa wilaya wakiuchapa kwa fimbo ili usisahaulike, na mpaka wenyewe ulikata katikati ya jiko lile. Mikono yake minene, ndani ya glavu nyeupe, ilisogeza birika taratibu kama mtoto aliyelala, kisha fimbo, paa! ukutani mpaka ulipopita. Chai aliinywa wima. Kiti kilikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa wilaya jirani, na Bibie Tapscott hakuchoka kumchokoza nacho. "Nikakae ugenini?" alikuwa akinguruma.

Mwaka huu madiwani walisema basi, maana wilaya ingemezwa na ile jirani. Lakini asubuhi ya siku ya mwisho kelele zilijaa mtaani. Bibie alipochungulia, moyo ulimruka: ni tarishi, fimbo begani, nusu ya mtaa nyuma yake!

"Mzee, mpaka umeshakufa huo, waupigia nini?" fundi bomba mmoja katika kundi hilo alimtania.

"Ngoja niuchape, uone kama hautapiga kelele!"

Tarishi akapangusa viatu, mara mbili, akaingia jikoni. Paa! Plasta ikamwagika kwenye sukari, watu wakashangilia. Akapokea chai, akabaki wima, akikitazama kile kiti.

"Kaa tu, kesho kote ni kwetu," fundi akasema.

"Hiyo ni kesho."

Bibie Tapscott akakinyakua kiti, akakiburuta hadi upande wa huku. Tarishi akavua glavu, akakaa.